Uliza Shangazi: Tukienda Bogotá kuasili watoto, tuwatembeze au tukae ndani?

SWALI
Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu wa Bukoba, tunaishi Houston. Tulisubiri hadi tukakaribia kukata tamaa, na sasa taasisi ya ustawi wa familia ya Kolombia, ile ICBF, imetukubalia ndugu wawili: msichana wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Tunaondoka Machi kwenda Bogotá. Wakala anasema tukishakabidhiwa watoto tutakaa huko wiki kadhaa tukisubiri hukumu ya mahakama. Mume wangu ameshaandika ratiba: mlima Monserrate, Makumbusho ya Dhahabu, kanisa la chumvi la Zipaquirá, kisha ndege hadi Cartagena tukaone bahari. Mama yangu kwa simu anasema tujifungie na watoto mpaka watuzoee, kuzurura nao ni kutafuta macho ya watu. Nimsikilize nani? Na sokoni tununue nini cha kuwatunzia?
Mama Mtarajiwa, Houston

JIBU
Marahaba mwanangu, na hongera sana. Wiki ya kwanza msikilize mama yako. Zinazofuata msikilize mumeo, ila ile ratiba mnyang'anye uikate nusu. Nayasema haya kwa sababu hata sisi wawili wetu tuliwachukulia Bogotá, dada na kaka, na leo dada mtu ananizidi kimo.

Nianze na mwinuko, maana mwanamume akipanga ratiba haweki mapafu ndani yake. Bogotá iko mita 2,640 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Moshi tunakijua kituo cha Mandara, pale wapanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu wanapolala usiku wa kwanza: ni kama mita 2,700. Basi ninyi mtapika, mtafua na kumkimbiza mtoto wa miaka mitano kwenye kimo hicho hicho, mkiwa mmetoka Houston ambako hakuna hata kichuguu. Watoto wamezaliwa huko, hawatahema. Ninyi ngazi za ghorofa ya pili zitawakalisha chini siku za mwanzo. Machi mvua zinaanza, na usiku baridi hushuka mpaka nyuzi nane au tisa. Beba sweta na mwavuli. Kandambili za Kitanga ziache Houston.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Watoto wengi wanaotolewa na ICBF wametoka kwa mama mlezi, mwanamke aliyewatunza nyumbani kwake pamoja na watoto wengine. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa na mtu mzima "vaa viatu, tunatoka", anakumbuka siku alizohamishwa. Mwanangu wa kiume kila tulipotaka kutoka aliuliza kama kitanda chake kitabaki. Mume wangu akampa ufunguo wa nyumba tuliyopanga aubebe yeye, na ndani ya teksi alikuwa akiupapasa mfukoni mpaka tufike. Kwa hiyo tokeni na mkoba mdogo, begi kubwa libaki. Asubuhi mwambieni mnakwenda wapi, mtakula nini, na kwamba jioni mnarudi kwenye vitanda vile vile. Saa mbili za matembezi zinatosha. Sehemu moja kwa siku. Na ya kwanza isiwe makumbusho, iwe soko.

Nendeni Paloquemao, asubuhi ya siku ya kazi. Ni soko kubwa lenye paa, na upande wa nje ni maua matupu: waridi, alizeti, yungiyungi, ndoo kwa ndoo hadi njia inafungwa. Kolombia ni ya pili duniani kwa kuuza nje maua ya kukatwa, nyuma ya Uholanzi, na aliyewahi kupita mashamba ya Naivasha ataijua ile harufu ya mashina yaliyolowa. Hao wauzaji wa maua huanza kabla hakujakucha, kwa hiyo wahini. Mkifika mchana mtakuta ufagio.

Ndani mtaanza kwa kufurahi: pasheni, stafeli, mapapai, mihogo, ndizi za kupika, utafikiri mpo soko la Mgandini, Tanga. Kisha mtafika kwenye meza ambayo hamjui hata tunda moja. Lulo, ganda la rangi ya chungwa na ndani kijani, chachu, la juisi. Curuba, ukoo mmoja na pasheni lakini refu. Uchuva, vitunda vya manjano vidogo vilivyojificha ndani ya maganda makavu. Granadilla, nayo ukoo wa pasheni, ganda gumu unalipasua kwa vidole na kufyonza vilivyomo. Hapo ndipo pa kusimama. Tangu mkabidhiwe watoto, ninyi ndio mnaojua kila kitu: pesa, simu, makaratasi, kesho tunakwenda wapi. Kwenye meza ile anayejua ni binti wa miaka minane, na lugha ni yake. Mpe noti mkononi. Mwambie achague matunda ya nyumba nzima, aulize bei mwenyewe, ajibiwe mwenyewe, ahesabu chenji. Wangu hakuridhika na chenji, akadai na nyongeza, akapewa uchuva kiganja tele. Muuzaji alikuwa mama wa makamo aliyevaa aproni ya bluu. Alicheka akaniambia huyu hatapunjwa maishani. Jioni ile ndiyo kwanza binti akaja jikoni bila kuitwa, akanipokonya kisu, akanionyesha juisi ya lulo inavyotengenezwa, na sukari akaweka nyingi kuliko ningeruhusu. Nikanyamaza, nikanywa.

Kuhusu bei: mimi nimekulia kwenye mitumba ya Kiboriloni, nikitajiwa elfu kumi naanzia tatu. Paloquemao msifanye hivyo. Bei ya matunda na mboga imetulia, utapunguziwa kidogo ukinunua vingi, basi. Bei ya kuvutana iko kwenye vitu vya sanaa, tena kwa upole. Simu iwe ndani ya nguo, si mkononi, na noti ndogondogo mfuko wa mbele. Msiondoke bila kula. Agizeni ajiaco, supu nzito ya kuku yenye viazi vya aina tatu, kipande cha hindi na parachichi pembeni. Ndani yake kuna jani liitwalo guascas. Jani hilo hilo mkulima wa kwetu analing'oa shambani na kulitupa, ni gugu. Bogotá supu isiyo nalo hawaiiti ajiaco. Nilipolitambua nilicheka peke yangu, watoto wakadhani nimeungua.

Sasa ratiba ya mumeo. Makumbusho ya Dhahabu, sawa, lakini saa moja tu. Hufungwa Jumatatu, Jumapili ni bure, na ndiyo maana Jumapili hakuna pa kuweka mguu. Nendeni moja kwa moja kwenye ule mtumbwi mdogo wa dhahabu wa Wamuisca, wenyeji wa kale wa huko, uliopatikana pangoni mwaka 1969, wenye chifu katikati na watu wake wamemzunguka. Mtoto wa miaka mitano atautazama. Baada ya hapo atataka kukojoa. Mimi ningechagua Makumbusho ya Botero, kitongoji cha La Candelaria: bure kila siku ila Jumanne hufungwa, na kila alichokichora Botero, mchoraji wa Kolombia, humo ni kinene, watu, farasi, machungwa, hata Mona Lisa. Mwanangu alicheka mpaka mlinzi naye akacheka. Hapakuhitajika Kihispania chochote.

Jumapili asubuhi hata msipange. Bogotá hufunga barabara zake kuu kwa magari kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120, watu waendeshe baiskeli, wakimbie, wasukume watoto. Wameanza mambo hayo tangu 1974. Nunueni mpira, mshuke barabarani, mtaonekana familia kama nyingine zote. Pembeni kuna wauzaji wa obleas, vile vipande vyembamba vikubwa vya biskuti vilivyopakwa maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakageuka hudhurungi. Utapangusa nyuso zao mpaka uchoke.

Monserrate iwe wiki ya mwisho, mapafu yakishakubali, maana kilele kiko mita 3,152. Pandeni kwa kibanda cha kwenye waya au kwa treni ya mlimani, msithubutu kwa miguu. Juu kuna kanisa, mahujaji hulijaa Jumapili, chagueni siku nyingine. Watoto watatafuta nyumba yenu kutoka juu, na hawataiona, na mtabishana. Zipaquirá ningeiacha. Ni kanisa zuri, limechongwa ndani ya mgodi wa chumvi na kufunguliwa 1995, lakini liko mita 180 chini ya ardhi, gizagiza, mwendo mrefu, kilomita kama 50 nje ya jiji. Kijana wa miaka mitano ambaye bado hajaamini kwamba mnarudi nyumbani, humpeleki shimoni. Na Cartagena ndiyo sitaki hata kuisikia safari hii. Kabla hukumu haijatoka, kumtoa mtoto nje ya Bogotá si jambo la kujiamulia. Mwambieni mwakilishi wa wakala, naye aulize ICBF, na jibu mlipate kwa maandishi. Isitoshe ndege ya kwanza ya watoto hawa iwe ile ya kwenda kwao kupya, waliyoandaliwa, si ya kwenda kuogelea. Bahari mwambie mumeo mtairudia watoto wakiwa wakubwa, wao ndio wamwongoze.

Kununua. Wazazi wengi hununua vitu vya ukutani. Mimi ningeanza na jezi ya manjano ya timu ya taifa, saizi mbili juu, maana watailalia na kuivaa shule. Jezi za vilabu ziacheni: Bogotá bluu ni Millonarios na nyekundu ni Santa Fe, na mtaani hujui umevaa mbele ya nani. Nunueni mkoba wa Wawayuu, kabila la wenyeji wa huko, wa pamba, rangi za kuwaka, umefumwa kwa mkono. Ule wa Waarhuaco, kabila jingine la wenyeji, ni wa sufu ya kondoo, rangi ya mchanga na kahawia, na ghali zaidi. Nunueni ruana, blanketi la sufu la kuvaa mabegani, lakini mbili za saizi ya mtu mzima. Ya mtoto itamkaa baridi mbili tu, ya mtu mzima ataenda nayo chuo. Vitabu vya hadithi vya Kihispania, vingi muwezavyo kubeba, kwa sababu Houston mtavipata ila hivi watakuwa wamevichagua wao. Zumaridi msinunue kwa mtu aliyesimama njiani na karatasi kiganjani, hata akiapa.

Na kitu changu mimi: birika la alumini lenye shingo, pamoja na mchapo wa mti wa kupekechea chokoleti. Unauzwa soko lolote, hata Paloquemao, kwa bei ya chakula cha mchana. Wanachemsha chokoleti, wanapekecha mpaka itoe povu, kisha wanatumbukiza jibini ndani ya kikombe. Ndiyo, jibini. Kuna na panela, ambayo mkiiona mtapiga kelele kwa sababu ni sukari guru ile ile ya nyumbani. Wanaichemsha kwa maji, ndimu kidogo, ndiyo chai ya mtoto mwenye mafua. Kwangu Minnesota theluji ikifika dirishani birika hilo halikai kabatini, na anayepekecha siyo mimi.

Toka na kanga pia, doti nzima kutoka kwa mama Tanga. Mkiruhusiwa kuonana na mama mlezi, mpeni, na mpigeni picha watoto wakiwa wamekaa naye, nyingi, hata kama moyo wako utauma kidogo akiitwa mami mbele yako.

SWALI
Shangazi, sisi ni Wakongo wa Bukavu tunaoishi Edmonton. Watoto tuliopewa ni weupe kuliko sisi, nywele zao zimelala. Ninaogopa sokoni watu watasema tumewaiba. Tufanyeje?
Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU
Baba, pole, wasiwasi wako una msingi, lakini utashangazwa na jambo moja. Kolombia ina mamilioni ya watu weusi, wa Chocó, wa Buenaventura, wa Cali, wa pwani ya Karibi. Kabla hujafungua mdomo watakuchukulia umetoka huko, watakumiminia Kihispania cha haraka na utabaki ukitabasamu. Mimi niliulizwa habari za Cali na dereva wa teksi, akakataa kabisa kwamba sipajui. Na ninyi Wakongo mna zaidi: karibu na Cartagena kuna kijiji cha San Basilio de Palenque, kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, na lugha yao hadi leo ina mizizi ya Kikongo. Watoto wakikua wapelekeni huko.

Watu watatazama, hilo halikwepeki. Wengine watauliza, na wa Bogotá huuliza kwa adabu sana, señora (bibi) hivi, vecino (jirani) vile. Jibu ni fupi: ni wanetu. Historia ya watoto si ya muuza vitunguu, hata akiwa mwema na ameongeza kitunguu. Ila askari ni jambo jingine. Kila mtokapo, hata mkienda kununua mkate, bebeni nakala ya karatasi mliyopewa siku ya kukabidhiwa watoto, yenye majina yenu na yao, na nakala za pasipoti. Mke wako awe na seti yake na wewe yako. Namba ya mwakilishi iandikeni kwenye karatasi pia, simu huzimika. Na muulize mtoto mkubwa, mkiwa nyumbani mmetulia, yeye angependa useme nini watu wakiuliza. Wangu alisema niseme yeye ndiye aliyetuchagua. Nikasema hivyo hivyo kila mahali.

SWALI
Je, picha za matembezi naweza kuweka kwenye grupu la ukoo? Ni ndugu tu.
Dada wa Dallas

JIBU
Ndugu wangapi? Hukumu haijatoka, hao bado hawajawa wako kisheria, na karibu wakala wote wanakataza. Mtumie mama yako mmoja kisogo cha mtoto akila granadilla. Nyuso zitasubiri.

SWALI
Shangazi, nakusoma kila toleo, lakini kuna kitu kinanikera. Afrika watoto wanaohitaji wazazi ni wengi, wewe ukaenda Kolombia. Hii ni nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU
Ndugu yangu, kwako Kenya serikali ilifunga mlango wa kuasiliwa na wageni Novemba 2014. Ethiopia wakafunga 2018. Na mimi nilipochukua uraia wa Marekani, Tanzania ikanihesabu mgeni, kwa sababu haina uraia pacha kwa watu wazima. Sheria yetu ya mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo kwanza. Sikasiriki. Sheria hizo zilikuja baada ya watoto kuuzwa kama mbuzi, na zingekuja mapema ningefurahi zaidi. Kolombia nayo imefuata Mkataba wa The Hague wa 1993, ule wa kulinda watoto wanaoasiliwa nje ya nchi zao, ni serikali yenyewe inayokuchagulia mtoto, si wewe unayepita ukionyesha kidole, na wanaobaki bila wazazi huko ni wakubwa na wale walio na ndugu zao. Sisi tulitaka ndugu. Wewe unayeishi Nairobi na ni raia, mlango wako uko wazi, nenda kaulize.

SWALI
Tunarudi wiki ijayo kupitia Miami. Binti anataka kubeba matunda ya sokoni, na mimi nimepewa chai ya majani ya koka kwa ajili ya mwinuko. Vitapita?
Mama Wawili, Atlanta

JIBU
Matunda mabichi hayapiti, watayachukua mbele ya mtoto, na hicho kilio hamkihitaji baada ya ndege. Fanyeni karamu ya kuyamaliza usiku wa mwisho. Kahawa iliyokaangwa inapita, sukari guru inapita, na bocadillo, ile peremende ya mapera wanayoila na jibini, inapita ikiwa imefungwa dukani. Vyote semeni ukweli kwenye fomu. Chai ya koka iache Bogotá. Huko inauzwa hadharani, Marekani ni haramu, na wewe una watoto wawili wenye makaratasi ya viza. Mkiwa mmepewa bahasha iliyofungwa, haitakiwi kufunguliwa na mtu yeyote ila afisa wa mpakani. Bahasha hiyo iwe kwenye mkoba wako wa mkononi, isiwe kwenye sanduku. Nimeulizwa hilo pia.